Darubini Zilizopandwa Kama Mkonge

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti, na usione haya kunikatiza pale nitakapokwenda mbio. Nataka kukusimulia mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Ndani yake kuna fizikia kidogo, lakini hiyo isikutishe. Nimeifundisha fizikia katika shule za Tanga tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote, na bado sijakutana na mtu aliyeshindwa kuielewa akielezwa polepole. Kilicho kigumu katika kisa hiki ni wivu. Mwezi uliopita Veronika alirudi Tanga kuzungumza na wanafunzi katika ukumbi wa shule yetu, na mkuu wa shule akanikalisha kiti cha mbele kabisa kwa sababu, alisema, "Nyinyi wawili si ndio mlioanza pamoja?" Mlioanza pamoja! Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimtazama akipanda jukwaani, mvi chache juu ya masikio, miwani imening'inia kifuani, wasichana wa kidato cha nne wakinong'onezana kwamba huyu ndiye anayefanya kazi na darubini kubwa kule Namibia. Ningependa kukuambia kwamba nilifurahi kumwona rafiki yangu. Nilichohisi ni kile kile nilichokihisi miaka ile katika chumba cha mtaa wa Ngamiani, kizima, hakijachakaa hata upindo.

Wazazi wangu na mababu zangu hawahusiki, kwa hiyo sitakupeleka kwao. Tuingie chumbani moja kwa moja. Kilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Mwanakombo, kwenye moja ya zile barabara zenye namba, baiskeli zikipita nje siku nzima na kengele zao. Aliyekikodi ni Dokta Sefu, mwalimu wetu, ambaye alikuwa amefundisha fizikia ughaibuni kwa muda mrefu kisha akarudi nyumbani ili, kwa maneno yake, ale samaki ambaye hajapanda ndege. Chumba kilikuwa na kompyuta tatu, meza mbili zilizounganishwa, madirisha ya mbao yaliyofungwa kwa sababu ya vumbi, na feni moja ya kusimama iliyogeuza uso wake kwetu kwa zamu. Nitakuchekesha: kufikia katikati ya mwaka niliamini kabisa kwamba feni ile inakaa kwa Veronika muda mrefu kuliko inavyokaa kwangu.

Kazi yetu ilikuwa hii. Wenzake Dokta Sefu wa zamani walikuwa wakibuni kundi la darubini litakalojengwa kusini, kwenye nyanda za juu na kavu za Namibia, na waliviomba vikundi vidogo vidogo hapa na pale vijaribu kwa kompyuta namna mbalimbali za kuzipanga darubini hizo. Kikundi chetu kilikuwa Dokta, mimi, na Veronika, msichana mrefu aliyekulia katika shamba la mkonge upande wa Maramba, mdogo wangu kwa mwaka mmoja au miwili, aliyeniita dada Rehema tangu siku ya kwanza. Na siku hiyo hiyo ya kwanza Dokta alituambia wazi kwamba mwaka ukiisha mmoja wetu ataitwa kule kusini kufanya kazi pale darubini zitakapokuwa zikijengwa. Mmoja. Hakulificha wala hakulipamba. Tangu hapo sikunywa chai katika chumba kile bila kuhesabu moyoni nani yuko mbele.

Sasa nikueleze tulikuwa tunapanga nini hasa, na nitakueleza kama nilivyomweleza Bi Mwanakombo. Kila asubuhi alituletea mbaazi za nazi na mandazi, akabaki amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hivi nyie wanangu mnafanya nini humu, madirisha mmeyafunga kama mnaogawana mali ya wizi?"

"Tunapanga darubini, bibi," nilisema.

"Ziko wapi nizione?"

"Bado hazijajengwa."

Akamgeukia Dokta. "Sefu, umewakodia watoto wa watu chumba changu wapange vyombo ambavyo havijanunuliwa?"

Dokta alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilipoona hana haraka ya kujibu, nikajibu mimi. Nilimwambia kwamba mbali sana huko, nyota kubwa ikipasuka, hutoa miale yenye nguvu kuliko mwale wowote ambao binadamu anaweza kuutengeneza, na tunaiita miale ya gama. Mwale huo haufiki chini. Ukigonga hewa ya juu unavunjika, vipande vyake vinazaa vipande vingine, mpaka inakuwa mvua ya chembe inayoteremka. Chembe hizo hukimbia kuliko nuru yenyewe inavyoweza kukimbia ndani ya hewa, na kwa kukimbia hivyo huacha mmweko wa samawati, hafifu mno, mfupi mno kwa jicho la mtu. "Mmweko huo unashuka mpaka ardhini na kutandaa," nilisema, nikitafuta neno, "kama dimbwi. Dimbwi la nuru, bibi. Pana kuliko viwanja viwili vya mpira, halina kina, na linakauka kabla hujamaliza kusema 'di'."

"Dimbwi la nuru," Dokta Sefu alirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Tangu siku hiyo hatukuliita jina jingine. Lilikuwa neno langu, na nililivaa kama kanga mpya.

Ukishalielewa dimbwi, umeielewa kazi yetu yote. Darubini huuona mmweko ikiwa imesimama ndani ya dimbwi, au ukingoni mwake kama mmweko una nguvu sana. Ukizisogeza darubini karibu karibu, nyingi zinaingia katika dimbwi moja na zinakamata hata mmweko dhaifu, lakini eneo mnalolilinda ni dogo, na miale yenye nguvu kupita yote ni adimu. Inataka uwanja mpana ndipo uipate. Ukizitawanya, uwanja unapanuka, lakini madimbwi hafifu yanaangukia katikati na hakuna anayeyaona. Idadi tuliyopewa ilikuwa kumi na mbili, hakuna kuongeza. Kwa hiyo swali la mwaka mzima lilikuwa moja: ziachane kiasi gani? Tulikuwa na programu inayoangusha mvua za chembe za kubuni juu ya mpangilio wowote tunaouandika, kisha inatuambia ngapi zimeonekana na ngapi zimepotea. Veronika alipokuja hakuijua kabisa programu ile. Nilimfundisha mimi. Nilikaa naye wiki kadhaa, bega kwa bega, nikirudia bila kuchoka, na sisemi haya ili unisifu. Kueleza kunaniondolea uchovu, ndivyo nilivyoumbwa. Alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye maswali ya moja kwa moja, na siku za mwanzo nilimpenda sana.

Mpangilio wangu ulikuwa wa mraba, umbali sare kila upande, nami niliuboresha kidogo kidogo kwa miezi, nikiupanua hapa, nikiubana pale. Siku moja nilikuwa na kazi nyingine, nikamwambia Veronika aandike mpangilio mpya wa kulinganisha. "Zipange kwa mistari tu," nilisema. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yangu yote, kwa sababu niliamini mstari ni mstari. Alipomaliza nikatazama kioo cha kompyuta yake na kicheko kikanitoka. Darubini zilikuwa zimesimama mbilimbili, mistari miwili imekaribiana, kisha nafasi kubwa tupu, kisha tena mistari miwili.

"Vero! Umepanda mkonge!"

"Umesema mistari."

"Mistari, ndiyo. Hii ni nini?"

"Ndiyo mistari hiyo. Miwili, halafu njia." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mstari usio na njia, mkataji atapita wapi?"

Nilicheka tena, kwa sauti zaidi. Na hapa ndipo huwa nasimama kila ninapoukumbuka mwaka ule. Kama ningefunga mdomo, angefuta, angeandika upya, na maisha ya watu wawili yangekwenda njia nyingine. Lakini kicheko changu kilimfikia Dokta Sefu, ambaye alikuwa ukumbini akibishana na Bi Mwanakombo juu ya bei ya pweza.

"Nani kapanda mkonge?" Akaingia, akainama mbele ya kioo. Veronika alikuwa tayari ameweka kidole kwenye kitufe cha kufutia. "Usifute," Dokta alisema. "Iache inyeshewe tuone."

Ikanyeshewa. Umeme ulikatika mara mbili katikati, tukaanza upya mara mbili, na jibu lilipotoka, mkonge wa Vero ulikuwa umeushinda mraba wangu. Sababu, nikikueleza leo, ni nyepesi. Zile darubini zilizokaribiana mbilimbili ziliyakamata madimbwi dhaifu, kwa maana likiiangukia moja, jirani yake naye analiona. Na zile njia pana zilinyoosha uwanja mzima, zikaleta ile miale adimu ambayo mraba wangu ulikuwa mdogo mno kuipata. Faida moja haikuizuia nyingine. Miezi yangu yote nilikuwa nimetafuta umbali mmoja ulio sahihi, na jibu lilikuwa ni umbali wa aina mbili. Niliirudia hesabu ile kwa siku nyingi, Dokta akinisifu kwa umakini wangu mbele ya Vero. Kwa kweli nilikuwa natafuta kosa. Halikuwepo.

Watu wa pwani tunatofautisha wivu na husuda. Wivu ni kutaka alicho nacho mwenzio; husuda ni kutaka asiwe nacho. Nilikuwa navyo vyote viwili kwa zamu, wivu asubuhi na husuda baada ya chakula cha mchana. Kilichonichoma hakikuwa kwamba amenishinda, maana kushindwa na mtu mwenye bidii kunaelezeka. Yeye alikuwa hakukusudia! Mimi nilikuwa nimefikiri miezi, yeye alikuwa ameandika kile ambacho macho yake yameona tangu anatambaa. Pasaka alinialika kwao, nikaenda, nami nakumbuka tuliposhuka kwenye gari na mkonge ukafunguka pande zote mbili za barabara. Nilikuwa nimeupita mkonge maelfu ya safari, Tanga nzima imezungukwa nao, na sikuwahi kuutazama. Safari hii niliutazama. Miwili, njia. Miwili, njia. Gari lilipokuwa likienda zile njia zilifunguka na kujifunga kama mtu anayepitisha kidole kwenye meno ya kitana, nami nilimwonea wivu hata utoto wake.

Nyumbani kwao shangazi yake alitupikia ugali na kuku wa kienyeji, akaniangalia kwa furaha kubwa. "Kumbe ndiye wewe Rehema! Vero kila akija ni dada Rehema kasema, dada Rehema kanieleza. Asante mwanangu kwa kumfundisha."

"Ana akili mwenyewe, shangazi," nilijibu.

"Akili bila mwalimu ni nini? Ongeza mboga."

Alikuwa akinishukuru kwa moyo wote. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba katika nyumba hii nimekwisha kuwa mwalimu wa mtu mwingine, na kwamba walimu hubaki.

Mpangilio ulitumwa kwa wale wabunifu, na majibu yalikuja na neno letu ndani yake: waliuita "mkonge", hivyo hivyo, kwa Kiswahili, katika barua pepe ya lugha yao. Dokta alitusomea kwa sauti. Veronika alifunika uso kwa viganja akicheka. Mimi nilipiga makofi, tena nilipiga makubwa. Lakini kilichonimaliza nilikisikia siku chache baadaye, nikiwa nimekaa uani nachambua mchele kumsaidia Bi Mwanakombo asubuhi ambayo hapakuwa na umeme. Yeye alikuwa jikoni na Dokta, mlango wazi, wote wawili wakidhani bado sijarudi kutoka dukani.

"Utampeleka nani basi, yule wa hapa au yule wa Maramba?"

"Kazi ngumu hiyo, Mwanakombo."

"Mie ningempeleka wa hapa. Anaeleza mpaka mtu mjinga kama mie anaelewa."

"Ndiyo. Rehema anajua kueleza," Dokta Sefu alisema, na nikaacha kuchambua. "Na yule mwingine anajua kukosea."

"Sasa huyo wa kukosea wa nini?"

"Kule hawajui bado wanatafuta nini. Ukipeleka mtu anayejua kueleza, atawaeleza wanachokijua tayari."

Nilikaa na ungo magotini. Nimelifikiria jibu lile kwa miaka mingi, nikiwa nasahihisha madaftari, nikiwa nangoja mkate kwenye foleni, na nakiri kwamba sehemu yangu moja bado inabishana naye. Je, kueleza si kutafuta? Mara ngapi nimemweleza mwanafunzi jambo, nikaliona mwenyewe kwa mara ya kwanza katikati ya sentensi? Lakini sikuingia jikoni kumwambia hivyo. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele, na Bi Mwanakombo alipotoka akanikuta, alinitazama usoni akajua. Mchana ule alinipakulia kichwa cha samaki changu, ambacho kwa kawaida hakumpa mtu.

Veronika alichaguliwa. Siku moja kabla ya kuondoka alikuja na kitabu chake cha maelezo akaniomba nimweleze mara nyingine jinsi vioo vidogo vingi vinavyounganishwa kuwa kioo kimoja kikubwa cha darubini, kwa sababu aliogopa kuulizwa siku ya kwanza akakwama. Tulikaa barazani. Bi Mwanakombo alileta bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, tukala kwa mikono huku nikichora vioo kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Nilimweleza vyote. Sijui kueleza nusu. Hata kwa mtu ambaye wakati ule nilitamani ndege yake iahirishwe, sijui. "Nitakuandikia kila kitu, dada," alisema. Aliniandikia mwanzoni, kisha kidogo, kisha salamu za Idi tu. Dokta Sefu alifariki miaka ya baadaye, chumba kikawa duka la vifaa vya simu, nami nikaenda kufundisha.

Nirudi ukumbini. Veronika alizungumza vizuri kuliko nilivyotarajia, na hilo nalo liliniudhi. Alionyesha picha za darubini zikiwa zimesimama kwenye tambarare, vioo vyao vikiwa na mbingu nzima ndani. Akasema, "Mmweko huo ukitua chini hutandaa. Sisi tunaliita dimbwi la nuru." Sisi! Nilikaza mkoba wangu magotini. Watoto wakaandika dimbwi la nuru kwenye madaftari yao, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mama yake neno hilo amekaa kiti cha mbele, amevaa viatu vinavyombana. Kisha akasimulia mkonge, na ukumbi wote ukacheka na kupiga makofi, kwa kuwa nani hapa hajui mkonge.

Msichana mmoja akasimama kuuliza. "Shikamoo mama. Kwa nini ziwe nyingi? Kwa nini wasijenge moja, kubwa kuliko zote, wamalize?"

Ni swali zuri. Veronika alilijibu kwa usahihi kabisa, kwa pembe na mihimili na makutano ya picha, na nikaona nyuso za watoto zikizimika moja baada ya nyingine. Ninazijua nyuso hizo, nimeishi nazo. Yeye pia aliona. Alivua miwani, akanitafuta kwa macho.

"Dada Rehema," alisema kwenye kipaza sauti. "Njoo uwaeleze. Mimi hapa huwa nakwama. Hata hilo dimbwi la nuru ni lake huyu, nimelitumia miaka yote hii kwa kuazima."

Watu wakageuka. Ningependa kukuambia kwamba wivu uliyeyuka pale pale. Haukuyeyuka. Nilipokuwa nakwenda jukwaani nilifikiri, naam, hata leo, yeye ni mgeni wa heshima na mimi ni wa kueleza. Lakini msichana yule alikuwa bado amesimama, daftari wazi, na swali lilikuwa zuri. Nikamwita yeye na rafiki yake aliyekaa naye, wale walioshikana mikono tangu asubuhi, nikawapanga, na mara tu nilipofungua mdomo nikasahau viatu vinanibana. Veronika alisogea pembeni akasikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama alivyokuwa akisikiliza Ngamiani. Walipoelewa, walielewa kwa mkupuo, ukumbi mzima ukatoa ile "aaa" ambayo hakuna anayeweza kukulipa mfano wake.

Na wewe unaweza kuelewa bila ukumbi kwa nini darubini moja, hata ikiwa kubwa vipi, haiwezi kujua mmweko umetokea wapi. Toka nje na mwenzako, mchague ncha ya kitu kirefu, mnara wa simu au mnazi. Kwanza simameni bega kwa bega, kila mmoja aielekeze kidole. Mtaona mikono yenu imelingana kama reli, na anayewatazama hawezi kujua kitu hicho kiko karibu au kiko mbali, kwa sababu wawili mliobanana hivyo mnaona jambo moja. Sasa mwache mwenzako, tembea pembeni hatua kadhaa, geuka, onyesha tena. Kama mikono bado imelingana, ongeza hatua. Endelea kusogea mpaka uone mkono wako na wake inaanza kuelekeana, kisha fuata yote miwili kwa macho hadi inapokutana.